Kichupa cha Mwisho cha Tharcisse

Ukimtafuta Honorine siku ya kazi, usipoteze muda kuuliza ofisini. Nenda moja kwa moja mwisho wa korido, kwenye ule mlango wa bluu, utamkuta amesimama mbele ya friji kubwa anasoma kipimajoto kwa makini kama mtu anayesoma Zaburi. Mimi ni Constant, dereva wa maabara yetu hapa Bunia, na nimemzoea Honorine kiasi cha kumkasirikia bila kumwomba ruhusa. Nikichelewa kuleta mafuta ya grupu, yaani ile jenereta yetu, namkuta getini mikono kiunoni. Hagombi. Anakutazama tu, hadi unaona heri angekutukana yakaisha.

Friji ile ina kengele. Baridi ikipungua kidogo tu, inalia, na Honorine anakimbia. Nimemwona akiacha sahani ya ugali na sombe katikati, akiacha sala katikati, akimwacha mgeni wa Kinshasa na mkono umenyooshwa hewani. Sisi wengine tulikuwa tunacheka. Tharcisse, mume wake, alikuwa anacheka kutuzidi.

Tharcisse alikuwa mtu wa Irumu, kwa watu wa ng'ombe na mashamba, lakini yeye ng'ombe hakuwaweza. Alifanya biashara. Alipakia sabuni, chumvi na maharage kwenye malori yanayokwenda kwenye miji ya dhahabu, akarudi na habari nyingi kuliko faida. Honorine alikuwa mtoto wa mtaa wa Lumumba, hapa hapa mjini, binti wa fundi cherehani, msichana aliyesoma ufundi wa maabara wakati wenzake wanaolewa. Walikutana kwenye foleni ya maji, wakabishana nani alitangulia, na nadhani hawakuacha kubishana mpaka mwisho. Jioni Tharcisse alikuja kumchukua kwa moto, ile pikipiki yake, na kabla hajamsalimu alikuwa anapaza sauti kutoka getini, anauliza kama bwana mkubwa wa baridi ameshiba. Friji ndiyo bwana mkubwa. Yeye mwenyewe alijiita bwana mdogo. Honorine alijifanya kukasirika, lakini ilipofika saa ya kutoka nilikuwa namwona anajipaka mafuta midomoni nyuma ya mlango wa bluu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila kazi hii habari haieleweki. Watu wetu wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa: tumbo limevimba, macho yamekuwa manjano, ini limeshaharibika. Ndugu wanasema amelishwa sumu, wanaanza kutazamana vibaya. Dokta Aimé, mkubwa wetu, alitaka kujua kama kuna njia ya kuliona ini linaloumwa mapema, kwa kupima damu. Honorine alinieleza siku moja tukiwa njiani. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna depo ya kufungashia mizigo. Kitu ambacho mwili umekitengeneza kinapita hapo, kinafungwa vizuri, kinapewa anwani, kinatumwa kinakokwenda. Depo hiyo inaitwa Golgi, kwa jina la Mwitaliano aliyeiona wa kwanza. Kuna protini fulani inayokaa kwenye depo hiyo, na ini likianza kuugua, protini hiyo inaongezeka na kutorokea kwenye damu. Ukiikuta nyingi kwenye damu, ujue ini hilo ni zima kwa jina tu.

Lakini huwezi kupima bila kipimo cha kulinganisha. Mizani ya sokoni bila mawe yake ni chuma tu. Jiwe letu la mizani lilikuwa protini ile ile ya Golgi, ya binadamu, ila haikutoka kwa binadamu yeyote. Huko Ulaya wanachukua maagizo ambayo mwili unatumia kuitengenezea, wanayatia kwenye chembe zinazofugwa ndani ya chupa, na chembe hizo zinatii na kuitengeneza. Inasafishwa, inakaushwa, inatiwa kwenye kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Si dawa, si chakula, ni ya kazi ya maabara peke yake. Inasafiri kwenye barafu, na barafu ikiisha njiani imekufa.

Dokta Aimé alitaka pia maji ya damu, yale yanayojitenga damu ikiganda, ya watu wazima wasio na ugonjwa, watu wa hapa hapa. Wangeitia ile protini humo kwa kipimo wanachokijua, kisha wangetazama kama wanaipata yote, au kama damu ya watu wa jimbo letu la Ituri inaficha sehemu yake. Kupata watu hao ikawa mashaka. Mjini walikuwa wanasema maabara inauza damu. Basi tukatoa sisi wafanyakazi na ndugu zetu. Mimi nilitoa nimegeuza uso ukutani. Tharcisse alikuja mwenyewe, amekunja shati mpaka begani, akadai lazima achomwe na mke wake na si mtu mwingine. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa pembeni nabonyeza pamba yangu. Honorine alipouliza kama anaona kizunguzungu, alimjibu:

"Chukua yote yenye unataka, Mama Divine. Kama iko kwako, haijapotea."

Divine ni binti yao, wakati ule alikuwa ndiyo anaanza shule.

Majuma machache baadaye Tharcisse alipanda lori kwenda upande wa Mongbwalu na mzigo wa sabuni. Njia ikakatwa na watu wenye silaha. Waliokuwa kwenye lori walikimbilia porini, kila mtu na upande wake. Wengi walirudi. Wengine walipatikana wakazikwa. Tharcisse hakurudi na hakupatikana. Honorine alipiga simu yake kila asubuhi, na kila asubuhi aliambiwa haipatikani, mpaka siku moja ikapokelewa. Aliyepokea alikuwa mwanamke anayesema Kilingala, mtu wa mbali kabisa, aliyeuziwa ile namba na kampuni. Honorine aliomba radhi. Aliniambia kwamba baadaye alipiga tena, akijua vizuri, ili asikie tu namba ile inaita kama zamani.

Huko Irumu mama yake Tharcisse, Mama Bibiane, alitaka kumzika mwanawe. Kwenye ukoo wao mtu akipotea bila mwili, wanazika kitu kilichotoka mwilini mwake: nywele, kucha, hata jino. Asipozikwa hivyo wanasema yuko njiani tu, anatembea, hana pa kukaa. Wasipopata kitu kabisa wanakata kipande cha mgomba, wanakifunga sanda na kukizika kwa jina lake. Wazee wakaleta mgomba. Mama Bibiane akautazama pale uani, mrefu kama mtu aliyelala, akawaambia waurudishe shambani.

"Siye batu ya hapa tunazika mutu," alisema. "Mi sikuzaa mugomba."

Nguo za Tharcisse nazo alizikataa, kwa sababu nguo zinanunuliwa. Nywele hazikuwepo, kinyozi alikuwa amezifagia. Kwa hiyo matanga yakabaki hivyo hivyo, hayakukaliwa wala hayakuondolewa. Honorine kwa upande wake hakutaka kusikia habari ya kaburi. Hakuvaa nguo za mjane. Watu wa kanisani walinong'ona, yeye akapita katikati yao na kitenge chake cha maua, kichwa juu. Yeye alikuwa anangoja.

Na alikuwa na mahali pa kungojea. Hilo nililijua mimi peke yangu, tena kwa bahati mbaya. Mchana mmoja umeme ulikatika na grupu likagoma kuwaka. Kengele ilikuwa inalia. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mafuta machafu, natukana spana, ndipo Honorine akatoka, akachuchumaa kando yangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwa nini lazima liwake. Damu ya Tharcisse ilikuwa imegawanywa kwenye vichupa vidogo. Vingine vilitumika kwenye majaribio ya mwanzo. Kimoja kilibaki, kwenye droo ya chini, kimeandikwa namba tu bila jina, na yeye anakijua kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwa na friji. Nililiwasha lile grupu. Sijui nililiwasha vipi.

Toka siku hiyo nikaelewa jambo ambalo Dokta Aimé hakulielewa. Maabara nzima ilikuwa inaingoja protini kutoka Ulaya. Dokta aliuliza habari zake kila siku, roho juu. Honorine peke yake ndiye aliyekuwa anaomba isifike. Ikifika, kazi itaanza, na kichupa cha droo ya chini kitatolewa na kuyeyushwa pamoja na vingine. Sheria ya kazi yao ni kwamba maji ya damu yakishayeyuka kwa kipimo, hayarudishwi kwenye baridi kali. Yakitoka, yametoka.

Boksi la kwanza lilikwama njiani, na hakuna aliyekubali kusema ni wapi. Nilipolibeba kutoka uwanja wa ndege lilikuwa jepesi, barafu yote imekwenda. Dokta Aimé alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Honorine akatoka nje, akaenda nyuma ya tangi la maji. Nilimfuata nikidhani analia, nikamkuta anahema kama mtu aliyetua mzigo mzito. Alinitazama kwa aibu. Alisema alikuwa amemwomba Mungu jambo ambalo mtu wa maabara hapaswi kuomba, na Mungu amelisikia, na sasa wagonjwa wa ini wataendelea kungoja kwa ajili yake. Nilimwambia Mungu ana kazi nyingi kuliko kuyeyusha barafu ya watu. Hakucheka.

Boksi la pili lilifika mwaka huu, zito, barafu yake inafuka moshi. Na hapo ndipo mji wetu ulipoonyesha ulivyo. Kijana wa mizigo uwanjani alisoma karatasi iliyobandikwa, akasoma kwa Kifaransa na kwa sauti, kwamba ndani mna protini ya binadamu. Akaniuliza kama nimebeba mtu. Mimi, kwa ujinga wa kupenda mzaha, nikamjibu ndiyo, na amechoka na safari. Madereva wa moto walikuwa wamesimama pale pale. Bunia haihitaji redio. Kufika jioni, soko lote lilikuwa linasema kule kazini kwa Honorine wamepokea mtu ndani ya kartoni, amehifadhiwa kwenye barafu. Ilipofika Irumu habari ilikuwa imeshapata jina.

Kesho yake asubuhi Mama Bibiane akashuka kwenye moto mbele ya geti letu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na kwapani alikuwa na shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alisalimia kila mtu kwa taratibu, akakaa kwenye benchi, akaweka shuka magotini, akasema amekuja kumchukua mwanawe.

Nikajua mzaha wangu ulikuwa umefika Irumu. Dokta Aimé, nampa sifa yake, hakumcheka na hakumharakisha. Alimwingiza ndani, akamvalisha koti, akamwonyesha kile kichupa na unga wake mweupe, unga mdogo ambao ungeupuliza ungeisha. Akamweleza kwamba kimetengenezwa kwenye chupa, hakuna mtu aliyekufa. Mama Bibiane alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama kitu hicho ni cha mtu kweli. Dokta akasema ndiyo, ni cha mtu, lakini si cha mtu fulani.

"Na mama yake?" akauliza.

Dokta akasema hakina mama. Mama Bibiane akakitazama tena kile kichupa kwa huruma, kama vile amemwona yatima. Kisha akageuka, akaangalia friji zile zote zinavyonguruma.

"Basi mu hizi frigo zenu zote, haiko mutu hata mumoja wa kweli?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Honorine anashika ukingo wa meza. Angeweza kunyamaza. Dokta alikuwa tayari anafungua mdomo kujibu kwa niaba ya wote, na jibu lake lingekuwa refu na salama.

"Tharcisse iko ndani, mama," akasema Honorine.

Mama Bibiane hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe. Honorine akavaa glavu zake nene, akafungua mlango, ule ukungu wa baridi ukamwagika miguuni mwao, akavuta droo ya chini, akakitoa kile kichupa na kukishikilia mbele ya macho ya mkwewe kwa muda mfupi tu, kisha akakirudisha na kufunga. Hata siku ile aliwaza baridi.

Tuliwaacha wawili uani, kwenye benchi. Nilikuwa karibu, naosha gari letu la jipu, kwa hiyo niliyasikia. Mama Bibiane hakumgombeza. Aliuliza jambo moja, kwa nini amemficha miaka yote hii mtu ambaye mama yake anamtafuta. Honorine akasema yote. Akasema anapofungua ule mlango asubuhi anajua yuko pale, hajaharibika, na kwa hiyo siku inaweza kuanza. Akasema akikitoa na kukizika hatakuwa tena na mtu wa kumngoja, na yeye hajui kuishi bila kungoja, amesahau. Akasema anamtamani mpaka mikono inamuuma. Mama Bibiane akamshika mikono ile akaisugua polepole.

Dokta Aimé alikuja akasema kichupa kile kimo kwenye mpango wa kazi, lakini yuko tayari kukiacha. Kingetolewa kwenye utafiti, familia ikakichukua kama kilivyo. Mama Bibiane akataka kujua ni nani aliyeitoa damu ile. Honorine akamwambia ni Tharcisse mwenyewe, kwa hiari yake, na akarudia maneno aliyoyasema siku ile, yote, pamoja na kicheko chake. Mama akatikisa kichwa akitabasamu, kwa sababu alikuwa amemsikia mwanawe.

"Kama aliitoa yeye, kazi yake imalizike kwanza," alisema. "Mutu hazikwe na kazi mu mukono. Kiisha unamuleta ku nyumba, Mama Divine. Weye mwenyewe."

Akarudi Irumu jioni ile ile. Shuka jeupe aliliacha. Honorine alilikunja akaliweka juu ya friji.

Lilikaa pale siku kadhaa, na Dokta Aimé hakumsukuma, ingawa nilimwona anavyokula kucha. Protini ilikuwa imefika, kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mtu mmoja. Honorine alifungua friji, alisoma kipimajoto, alifunga. Alikonda. Siku moja nikamtania kwamba hilo shuka litaota uyoga. Akaniambia nimwache, kwa Kifaransa, na akisema Kifaransa na mimi ujue mambo yamezidi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amefika mapema kuliko mlinzi wa zamu. Chombo cha barafu kilikuwa mezani, na vichupa vyote vya watu wazima vilikuwa vimepangwa ndani yake, vinayeyuka pole pole. Hakukitenga cha Tharcisse. Kilikuwa katikati ya wenzake, karibu na changu mimi.

Kazi ile aliifanya mwenyewe tangu mwanzo. Aliuyeyusha ule unga wa protini, akaugawa kwenye vichupa vidogo ili usije ukagandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, akapima, akachanganya. Kutoka kwenye kichupa cha Tharcisse alichota kiasi kidogo sana, tone la umande, na kilichobaki akakiweka kwenye friji ya kawaida. Mimi nilitazama kupitia kioo cha mlango. Kuna hatua ambapo vishimo vya sahani ya vipimo vinageuka rangi, bluu kwanza, kisha manjano, na kadiri protini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Dokta Aimé alipoona namba zimekaa sawa alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, mimi pia na mafuta yangu. Honorine alitoka akanikuta kwenye korido. Aliniambia protini waliyoitia kwenye damu ya Tharcisse wameipata yote. Damu yake haikuficha kitu. Alilisema hilo kwa sauti ya mke anayemsifia mumewe mbele ya watu, kisha akaenda kunawa.

Kupeleka damu ya mtu nje ya maabara si jambo la mchezo, na Dokta Aimé aliandika, akapiga mihuri, akaandika tena. Siku ya safari Honorine alikuja na kitenge cheusi. Ilikuwa mara ya kwanza. Mkononi alikuwa na boksi la baridi, lile la kubebea chanjo, na ndani alikuwa amepanga vipande vya barafu kwa utaratibu wake wote, kichupa katikati kimefungwa kwenye mfuko, na kipimajoto kidogo chenye kengele juu yake. Shuka alilishika kwapani. Nikamuuliza, kwa upole kadiri ninavyoweza, kwa nini tunahangaikia baridi ya kitu kinachokwenda udongoni.

"Bado iko mu mikono yangu, Papa Constant," akanijibu.

Nikaendesha. Barabara ya Irumu ina mashimo ambayo nayajua kwa majina, na siku ile niliyapita yote kama nimebeba mayai. Yeye alishika boksi mapajani. Kila mara alifungua kifuniko kidogo, akachungulia kipimajoto, akafunga. Divine alikuwa ametangulia kwa bibi yake toka juzi.

Tulikuta watu wengi. Kaburi walilokuwa wamelichimba lilikuwa refu la mtu mzima. Nilikuwa nimedhani watachimba kishimo kidogo, lakini wazee walisema hawapandi mbegu, wanazika mwanaume. Shuka jeupe likatandikwa kwenye mkeka kando yake. Mwalimu wa kanisa akafungua kitabu. Mama Bibiane akapiga magoti mbele ya boksi, akalifungua mwenyewe, akaingiza mkono kwenye barafu na kukitoa kichupa kwenye mfuko wake.

Nilimwona Honorine ameinua mkono. Ni mazoea, angemzuia mtu yeyote. Mkono ukabaki hewani, halafu akaushusha.

"Iko baridi sana," alisema Mama Bibiane. "Mutoto wangu hataingia mu udongo na baridi."

Akakifunika kwa viganja vyote viwili. Akakipulizia pumzi yake. Kisha akafungua kifungo cha blauzi, akakiweka kifuani, pale pale anapowekwa mtoto aliyezaliwa, akajifunika na kitenge na kuanza kuyumba taratibu, mbele na nyuma. Mwalimu wa kanisa alishika ukurasa wake kwa kidole akangoja. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyehama kutafuta kivuli. Mimi, mzee mzima, nilitazama magurudumu ya jipu langu kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili.

Alipoona imetosha, Mama Bibiane alikitoa, akamnyooshea mkwewe. Honorine akaingiza mkono mfukoni, akatoa glavu. Alikuwa amekuja nazo mpaka kaburini. Miaka yote ile hajawahi kukigusa kichupa kile kwa ngozi yake. Mama Bibiane akamwondolea glavu zile vidoleni bila haraka, akazitia kwenye mfuko wa kitenge chake.

"Shika," alisema. "Sasa iko na moto ya mutu."

Honorine akakipokea kwa kiganja kitupu, akakifumba. Akainama polepole mpaka paji lake likafika kwenye ngumi ile, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio cha mjane ambacho Irumu yote ilikuwa imekingoja. Divine alikuja akamshika kiuno. Nyuma yao boksi lilikuwa limeachwa wazi juani, barafu inatoka maji, na kile kipimajoto kikaanza kulia kengele yake. Kililia wakati wote wa sala. Honorine alikisikia, nina hakika alikisikia, na hakugeuka.